Sinia la wali na amana ya mwili

  

Ndugu zangu katika imani, leo nimekusudia tuzungumze jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye mimbari, nalo ni wali tunaoupakua na maradhi ya sukari yanayotumalizia wazee wetu. Huenda msomaji akasema kuwa hayo ni mambo ya madaktari, mwalimu wa dini yamemhusu nini? Mimi pia nilikuwa na fikra hiyo hiyo, mpaka maradhi yalipoingia nyumbani kwetu na nikagundua kuwa mkono uliokuwa ukiyalisha ni mkono wangu.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi na mkulima wa mihogo hapa Micheweni. Alipofika miaka 54 alianza kunywa maji sana, kwenda haja ndogo kila mara usiku na kupungua mwili. Alipopimwa aliambiwa ana maradhi ya sukari. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze wali, mihogo, mikate na chai ya sukari. Nyumbani alijitahidi. Mama alimpunguzia, naye hakulalamika.

Tatizo lilikuwa kwenye shughuli. Baba alikuwa mtu wa watu. Hitima haikusomwa bila yeye, wala harusi haikufanywa bila yeye. Na sisi watu wa pwani tunajuana. Mgeni wa heshima huwekwa kwenye sinia, na wali hurundikwa mbele yake mpaka usimwone aliyekaa upande wa pili. Siku moja kwenye walima mmoja alikula matonge matatu akasita. Mwenye shughuli akamuuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mzee, vipi, hukuyapenda mapishi yetu?" Baba akacheka, akarudisha mkono kwenye sinia. Tulipokuwa njiani nilimkumbusha maneno ya daktari. Akanijibu, "Mwanangu, nikatae chakula cha watu mbele ya watu?"

Sikuwa na jawabu. Na kilichonisikitisha zaidi baadaye ni kuwa mimi mwenyewe, niliyerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya masomo ya Kiislamu, ndiye niliyekuwa nikipakua katika shughuli za ukoo wetu. Nilikuwa nikimwekea baba sehemu iliyo nono kuliko ya wengine, na nikidhani huko ndiko kumfanyia wema mzazi.

Baada ya miaka kadhaa alikatwa na jiwe la pwani wakati wa maji kupwa. Hakusikia maumivu, kwa sababu sukari ilikwisha kuua hisia za nyayo zake. Alifunga kidonda kwa majani, akaendelea na kazi. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeoza, ukakatwa chini ya goti. Hakuishi miaka miwili baada ya hapo. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe na aliweke pema kaburi lake. Amin.

Sisimulii haya ili kulalamikia kadari ya Mola wetu, bali nayasimulia kwa sababu mwaka uliofuata mama naye alipimwa, akakutwa na maradhi hayo hayo. Safari hii nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mapema: Uislamu unasemaje juu ya chakula cha mgonjwa, na juu ya yule anayempakulia?

Mtume (SAW) na chakula cha mgonjwa

Ndugu Muislamu, jawabu lipo, na wengi wetu hatulisikii likisimuliwa. Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kisa cha bibi mmoja wa Kiansari, Ummul Mundhir bint Qays. Mtume (SAW) aliingia nyumbani kwake akiwa pamoja na Sayyidna Ali (RA), ambaye alikuwa ndiyo kwanza anapona maradhi. Ndani ya nyumba mlikuwa na mashada ya tende yaliyotundikwa. Mtume (SAW) akasimama kula, na Ali naye akasimama ale. Hapo Mtume (SAW) akamzuia, akimkumbusha kuwa yeye ametoka katika ugonjwa, mpaka Ali akaacha. Kisha yule bibi akapika shayiri na mboga ya majani, akaileta, na Mtume (SAW) akamwambia Ali ale katika hiyo, kwani ndiyo inayomfaa zaidi.

Hebu tukizingatie kisa hiki vizuri. Tende ni halali, tena ni chakula chenye baraka, na Mtume mwenyewe alikuwa akizila papo hapo. Pamoja na hayo alimzuia Ali. Basi uhalali wa chakula haumaanishi kuwa kinamfaa kila mtu katika kila hali. Isitoshe, Mtume (SAW) hakumwachia mgonjwa apambane na nafsi yake peke yake. Alimwangalia, akamkumbusha. Na mwenye nyumba hakununa kwa kuwa tende zake zimekataliwa. Aliingia jikoni akapika kingine.

Siseme kuwa hadithi hii inazungumzia sukari wala kwamba shayiri ni dawa ya sukari. Shayiri nayo ni nafaka yenye wanga. Ninachosema ni kuwa kumchagulia mgonjwa chakula ni katika Sunna, na kwamba kisa kizima kina watu watatu, yaani mgonjwa, anayemkumbusha na anayepika. Sisi tumemwachia mgonjwa peke yake kazi ya watu watatu.

Ama hofu ya kuonekana umedharau chakula, hiyo pia ina jawabu. Abu Huraira (RA) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (SAW) hakuwahi kukitia ila chakula. Akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Na nyumbani kwa Bibi Maimuna (RA) alipoletewa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani, aliondoa mkono wake, na Khalid bin Walid (RA) akaivuta akaila mbele yake. Hakuna aliyeona ametukanwa. Mwaliko unaitikiwa kwa kufika na kuwaombea dua wenyeji, na kula ni kwa kadiri ya mtu. Anayemshurutisha mgeni kumaliza sinia ametunga sheria ambayo Mtume (SAW) hakuileta.

Wali unafanya nini mwilini?

Sasa tuingie katika elimu ya tiba kidogo, kwani amri bila ya ufahamu huwa nzito. Wali, ugali, mihogo, ndizi, viazi, chapati na maandazi vyote asili yake ni wanga. Wanga ukifika tumboni huvunjwa ukawa sukari na kuingia katika damu. Mwili wenye afya hutoa homoni iitwayo insulini kutoka katika kongosho, nayo huipeleka sukari hiyo kwenye viungo. Mwenye maradhi ya sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, ima insulini yake haitoshi au mwili hauitikii wito wake, hasa mafuta yanapojaa tumboni, kwenye ini na kwenye kongosho lenyewe. Sukari hubaki ikizunguka katika damu, na kwa miaka huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Watu wengi huacha sukari ya chai wakadhani wamemaliza kazi, na huku wali haujaguswa. Daktari mmoja wa Kiingereza, David Unwin wa mji wa Southport, alitafuta njia nyepesi ya kuwafahamisha wagonjwa wake. Aliugeuza wanga kuwa vijiko vya chai vya sukari. Gramu 150 za wali uliopikwa, ambazo ni bakuli dogo tu, huipandisha sukari ya damu sawa na vijiko 10 hivi. Sasa ipime sahani yetu ya shughuli. Ikiwa na gramu 400 za wali, ambazo si nyingi kwa mila zetu, hesabu inapita vijiko 25. Ongeza chupa ya soda, ambayo peke yake ina vijiko 8 au 9. Je, kuna mtu mwenye akili ambaye angemwekea baba yake mgonjwa vijiko zaidi ya 30 vya sukari mezani akamwambia karibu? Mimi nilifanya hivyo kwa miaka, na nikashukuriwa.

Na kupunguza wanga si uzushi wa wanaofuata mitindo. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa Chama cha Kisukari cha Marekani lilipitia tafiti za lishe, likaeleza kuwa kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi katika kuteremsha sukari ya damu. Upande wa uzito, utafiti ulioitwa DiRECT, uliofanywa Uingereza na Scotland na kutolewa mwaka 2017, uliwapa wagonjwa wa aina ya pili chakula kidogo mno kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao sukari ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, waliofikia hapo walikuwa asilimia 86. Njia yao haikuwa ya kupunguza wanga peke yake, bali chakula chote. Lakini ilithibitisha kwamba mzigo wa mafuta mwilini ukiondoka, mwili unaweza kupata nafuu kubwa, hasa kwa mtu ambaye hajakaa na maradhi miaka mingi.

Hata hivyo tuseme ukweli wote, kwani mwenye kunasihi haghushi. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2021 zilionesha kuwa faida ya kupunguza wanga huwa kubwa katika miezi 6 ya mwanzo, kisha hupungua kufikia mwaka. Moja ya sababu ni kwamba watu huchoka kuendelea. Na kwa nini wasichoke? Mtu amekaa na sahani yake ya mboga, na nyumba nzima imekusanyika kwenye wali unaonukia nazi na iliki. Huo ni mtihani wa kila siku, mara tatu kwa siku, na mtihani huo sisi ndio tunaoutunga.

Kwa nini tunarundika?

Ndugu zangu, msinifahamu kuwa nawalaumu wazee wetu. Mila hii ina chanzo chake. Wazee wa Pemba wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipoadimika, chakula kikagaiwa kwa mgao na mihogo ikawa ndiyo asubuhi na ndiyo jioni. Ardhi ya Micheweni sehemu kubwa ni ya mawe, mpunga hauoti kila mahali, na wilaya yetu imetajwa mara nyingi miongoni mwa wilaya masikini zaidi za Zanzibar. Kwa mtu aliyelelewa katika hali hiyo, wali mweupe uliojaa sinia ni kumwambia mgeni kuwa hapa hutolala njaa. Ni mapenzi. Na kitambi nacho kikawa alama ya mtu aliyeruzukiwa.

Lakini zama zimebadilika. Mchele wa nje umejaa madukani, soda imefika mpaka vijijini, na mtu aliyekuwa akitembea kwenda shamba sasa anapanda bodaboda. Nyinyi wenzetu wa Dar es Salaam, Unguja mjini, Tanga na Mombasa ndiyo zaidi. Mtu anakunywa chai na chapati mbili asubuhi, anakula sahani ya wali mchana, chipsi mayai na soda usiku, na kutwa amekaa dukani au ofisini. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, yaani mmoja katika kila watu wazima tisa, na kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi miongoni mwao hawajijui.

Allah (SW) katika Suratul Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe, kisha akatukataza israfu na akatujulisha kuwa hawapendi wenye kuvuka mpaka. Wengi tunadhani israfu ni chakula kinachotupwa jaani. Naam, hiyo ni israfu. Lakini na kile kinachoingizwa katika mwili usiokihitaji pia ni israfu, tena hiyo ina gharama zaidi, kwa sababu jaa halikatwi mguu. Na Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Maadikarib na kutolewa na Tirmidhi, ametufundisha kuwa mwanadamu hajazi chombo kilicho kibaya kuliko tumbo lake, kwamba matonge machache ya kumsimamisha yanamtosha, na ikibidi kuzidi basi agawe mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Sisi katika sinia zetu pumzi tumeinyima fungu lake.

Chakula cha mgonjwa kipo hapa hapa

Baadhi ya watu wakisikia kupunguza wanga huona ni mambo ya matajiri. Huona kwenye simu zao unga wa lozi na mikate ya bei kubwa, wakakata tamaa. Wallahi chakula hicho tunacho, tena kimeuzwa mbele yetu kabla ya mchele haujafika.

Mama yangu leo anakula hivi. Asubuhi hula mayai au samaki aliyebaki usiku, pamoja na chai isiyo sukari. Mwezi wa kwanza alikunja uso, sasa amezoea, na chai ya sukari ikimpitia kwa makosa huiona kama asali. Mchana sahani yake tunaigawa hivi. Nusu ni mboga, ikiwa mchicha, matembele, kisamvu, bamia, bilingani au kabichi. Robo ni samaki, dagaa wa Tumbe, pweza, kuku au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au kipande cha muhogo, na siku nyingine huiacha kabisa akaongeza mboga. Usiku hula mapema na kidogo. Tunda hulila zima, kipande cha papai au pera, halinywi kama juisi. Kila jioni baada ya alasiri hutembea kwa jirani na kurudi.

Ikumbukwe kuwa muhogo si mwokozi. Wapo wanaoacha wali wakahamia kwenye muhogo na majimbi wakidhani wamepona, na hali muhogo wa kuchemsha una wanga mwingi kuliko wali wa uzito ule ule. Kunde, choroko na maharage vina wanga pia, lakini vina protini na nyuzinyuzi, huingia katika damu polepole. Tui la nazi halina wanga wa kutisha, lakini lina mafuta mengi, na anayetaka kupunguza uzito alipime.

Hata hivyo, sahani hii isingemsaidia mama kama nyumba isingebadilika. Tulichokifanya ni kupunguza sufuria ya wote. Wake zetu na watoto wetu wanakula vile vile, ila watoto wanaocheza kutwa wali wao ni mwingi zaidi. Hakuna sahani ya mgonjwa pembeni kama ya mtu aliyetengwa. Kwa muda wa mwaka mmoja mama amepungua kilo 11. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula, iliyokuwa ikisoma 14, sasa inasoma 7 na mara nyingine chini ya hapo. Bado anameza vidonge vyake. Hatukutangaza kuwa amepona, tunasema Alhamdulillahi.

Tahadhari ambazo hazina mchezo

Ndugu msomaji, hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu nasaha nusu inaweza kuua.

Ikiwa mgonjwa anatumia insulini, au vidonge vya kuisukuma kongosho kama glibenklamidi, asipunguze wanga kwa ghafla kabla hajaonana na daktari wake. Dawa hizo zimepimwa kwa chakula alichokizoea. Chakula kikipungua na dawa ikabaki ile ile, sukari huporomoka. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia. Ikisoma chini ya 3.9, apewe mara moja vijiko 3 vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, kisha apimwe tena. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Wanaotumia vidonge vipya vya jamii ya dapagliflozini na empagliflozini nao wamuulize daktari kwanza, kwani kuacha wanga kabisa pamoja na dawa hizo kunaweza kuleta asidi ya hatari katika damu. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye maradhi ya figo na mtoto. Na mwenye maradhi ya sukari ya aina ya kwanza, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana, hana badala ya insulini. Kabla ya Banting na Best kuivumbua huko Toronto mwaka 1921, watoto hao walipunguziwa chakula mpaka wakawa mifupa, na bado walikufa. Anayemwambia mzazi amwachishe mtoto insulini kwa ajili ya chakula au kombe amemtia mikononi mwa mauti.

Jambo jingine ni asali. Wapo wanaosema kuwa Qur'ani imetaja ndani yake mna ponyo, basi mgonjwa wa sukari na anywe atakavyo. Tunaamini kila herufi ya Suratun Nahl. Lakini aya haikusema kila kiasi kwa kila mgonjwa, na sehemu kubwa ya asali ni sukari. Mtume aliyemzuia Ali na tende ndiye huyo huyo aliyetufundisha faida ya asali.

Tukija katika Ramadhani, tunakutana na msiba wa namna mbili. Mchana mgonjwa anafunga bila ya kuuliza, na usiku anafuturu kwa uji wa sukari, tambi, kaimati, mihogo ya nazi na juisi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi, na kuporomoka kwa sukari kulikofikia hali ya hatari kuliongezeka mara 7.5 kwao katika mwezi huo. Kwa wenye aina ya kwanza waliofunga walikuwa asilimia 43. Allah (SW) ametoa ruhusa kwa mgonjwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, na akatujulisha kuwa anatutakia wepesi. Basi mgonjwa aonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Akiruhusiwa kufunga, apime sukari mchana, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameeleza kuwa kutoa tone la damu kidoleni hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6, afungue hapo hapo, na hana dhambi. Futari yake iwe tende na maji kama Sunna, tende moja au mbili zinatosha, kisha supu, samaki na mboga. Na aliyekatazwa kufunga asijione amepungukiwa na dini. Aliyepokea ruhusa ya Mola wake ametii.

Kwa anayepakua

Ndugu zangu, nimalizie kwa wale ambao hawaumwi, kwani hotuba hii hasa ni yao.

Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha Salman na Abu Dardaa (RA), ambamo Salman alimkumbusha nduguye kuwa Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, na ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (SAW) alipoelezwa akasema Salman amesema kweli. Mwili ni amana. Macho atakayosomea Qur'ani, miguu atakayoendea msikitini, figo na moyo, vyote tumekabidhiwa, na vyote vitaulizwa. Aliyekabidhiwa ni mgonjwa, lakini anayemshawishi kuihini amana yake naye ana fungu lake katika hesabu.

Basi unapoandaa hitima, harusi au maulidi, fanya haya machache. Punguza wali kwenye sinia, ongeza samaki na mboga. Weka maji kabla ya soda. Mwenye kusita usimuulize mbele za watu. Na ukimjua mzee katika mtaa wako ana maradhi haya, mwekee upande wake samaki na mchicha kabla hajakaa, asilazimike kuomba wala kujieleza. Maimamu na walimu wa madrasa nao, ambao ndio tunaokaribishwa sana, tuanze sisi. Watu wakimwona imamu ameridhika na matonge machache, mgonjwa aliyekaa pembeni yake atapata pumzi.

Mwezi uliopita ukoo wetu ulisoma hitima ya marehemu baba. Nilipakua mimi, kama desturi yangu. Jirani mmoja ambaye najua anachoma insulini alikaa kwenye sinia la pili. Nikamwekea robo ya wali, changu mzima na mboga tele, nikakaa naye, nikala kama yeye. Hakusema kitu mpaka tulipokwisha kunawa. Akanishika mkono akaniambia, "Mwalimu, leo ndiyo siku ya kwanza nimekula shughulini nikarudi nyumbani bila ya khofu."

Nikatamani baba angekaa kwenye sinia lile.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotangulia, utupe riziki ya halali na akili ya kuila. Tusamehe kwa tuliyowafanyia wapenzi wetu tukidhani ni wema. Wabillahi tawfiq.

(Mwandishi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Micheweni, Pemba.)